Riwaya za malaika na mashetani: tunachotaka kuchoma ni nini hasa?

Wazazi na walimu wenzangu, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu, mzazi mmoja alisimama na riwaya ya Kiingereza aliyoikuta kwenye begi la mwanawe wa kidato cha pili. Jaladani kuna kijana mwenye mabawa meusi anaanguka kutoka mawinguni. Akasema vitabu hivi vinawafungulia watoto milango ya mapepo, vikusanywe vyote vichomwe. Makofi yakapigwa. Mwingine akakumbusha kuwa Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, kwa hiyo si jambo geni. Mimi sikupiga makofi, na muda wa kujieleza sikuupata.

Hoja ya mapepo hainiingii. Ibilisi tumekua naye kwenye masimulizi. Utenzi wa Ayubu bila yeye hauendi. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ina majini na ina ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Tuliisoma darasani, sikuona aliyepandisha. Hata malaika walioanguka hawakubuniwa Marekani juzi. Mwanzo sura ya 6 inawataja wana wa Mungu waliowatamani binti za wanadamu, na Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu ndani ya Biblia, kinasimulia malaika 200 walioshukia mlima Hermoni kujitwalia wake.

Jirani yangu Mwislamu ana hoja nzito kuliko ile ya kikaoni. Kwake malaika hamwasi Mwenyezi Mungu kamwe, na Ibilisi alikuwa jini, ipo kwenye Kurani, sura ya Al-Kahf aya ya 50. Malaika mwasi kwake ni kosa la imani hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Hiyo naiheshimu, na ni mazungumzo ambayo mzazi anaweza kukaa na mwanawe wakayamaliza.

Lakini mimi kitabu chenyewe nilikiazima, nikakisoma usiku mbili. Ni Hush, Hush ya Becca Fitzpatrick, ya mwaka 2009. Msichana anahamishiwa dawati moja na mvulana kwenye somo la baiolojia. Mvulana anajua mambo yake mengi kuliko inavyofaa. Msichana anaogopa, anamwendea mwalimu kuomba abadilishiwe nafasi. Mwalimu anakataa, na badala yake anamtaka amsaidie huyo huyo mvulana masomo. Baadaye tunaambiwa kijana ni malaika aliyeanguka, na alimfuata akiwa na mpango wa kumuua ili yeye ageuke binadamu. Na msichana anampenda.

Yaondoe mabawa uone kinachobaki. Hicho ndicho kilichonitisha, na kikaoni hakikutajwa hata kwa neno moja.

Nilimuuliza binti yangu, ana miaka 15, kitabu alishakisoma kabla yangu: huyu aliyepanga kumuua mwenzake, unampendea nini? Akanijibu, “Mama, lakini si hakumuua?” Jibu hilo lilininyima usingizi. Kesho yake jikoni, tukichambua mchicha, nikamuuliza tena: bodaboda anayekusubiri getini kila siku, anajua jina lako wala hukumtajia, naye ni mapenzi? Akanyamaza muda mrefu, mikono imesimama kwenye sinia. Halafu akaanza kunisimulia habari za rafiki yake. Zile siziandiki hapa, lakini zilikuwa nzito, na mama wa yule mtoto sasa anazijua.

Sisemi kila kitabu kiachiwe kila mtoto. Wa darasa la sita sitampa hiki, na maktaba ya shule ina haki ya kukiweka kwa vidato vya juu. Pia inaniuma kwamba mtoto wa miaka 15 anayependa hadithi za kutisha hapati za kumtosha kwa Kiswahili, na pwani yetu hii imejaa majini.

Sasa mnaotaka vichomwe, nijibuni: kuna aliyekisoma mpaka mwisho? Na walimu mliomo humu, msichana akija kuomba abadilishiwe dawati kwa sababu mvulana anamtisha, shuleni kwenu anajibiwa nini?