Mliogundua ADHD (hali ya ubongo ya kutozingatia, kutotulia na kukurupuka) utotoni au ukubwani, tupeane uzoefu

Kiguu_Njia: Mwanangu leo karudi na sweta la mtu, lake hajui liliko. Mwalimu kaandika tena: "Ana uwezo ila hajitumi." Mlijuaje kwamba ni ADHD, si utundu tu?

JichoPembe: "Ana uwezo ila hajitumi." Nimelishwa hiyo miaka yote ya shule.

MamaPacha: Mimi ni kwa mume. Alifungulia maji bafuni, akatoka kufuata taulo. Njiani akaona redio mbovu, akaketi kuifungua. Narudi nyumbani, maji yanateremka ngazi, jirani wa chini yuko mlangoni kalowa chapachapa, anatetemeka kwa hasira: siku hiyo walikuja kumposa binti yake na dari limewamwagikia wageni! Ndani, mume wangu kainamia skrubu zake, kazipanga kwa ukubwa, hajasikia hata mlango ukigongwa. Nililia. Na huyu ndiye anayesahau bili, anayekatiza watu maneno, anayechelewa hadi mazishini. Baadaye tukampeleka kijana wetu kwa daktari. Kila swali kuhusu mtoto, baba mtu anadakia, "Hata mimi." Mwisho daktari akamgeukia yeye. Wote wawili wanayo. Tukaambiwa hurithiwa sana.

Kobe_Mbio: Ngoja kwanza. Posa ilikubaliwa?

MamaPacha: Ilikubaliwa. Harusini hatukualikwa.

JichoPembe: Na dari nani alilipa?

Mzee_Kanuni: Enzi zetu dawa ilikuwa fimbo. Haya yameletwa na simu.

NesiMstaafu: Mzee wangu, daktari George Still alieleza watoto wanaofanana sana na hawa jijini London mwaka 1902. Walikuwa na simu gani mkononi?

Mzee_Kanuni: Basi fimbo ndiyo ilikosekana.

Kobe_Mbio: Mzee, shikamoo, lakini nilichapwa sana na funguo bado napoteza.

NesiMstaafu: Kiguu_Njia, sweta peke yake si dalili, kila mtoto hupoteza. Tunaangalia mambo yaliyodumu angalau miezi 6, yaliyoanza kabla ya miaka 12, yanayoonekana nyumbani na shuleni pia, na yanayomharibia maisha. Mtoto awe na dalili 6 za kutozingatia, au 6 za kutotulia na kukurupuka, au zote. Kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Kwanza apimwe masikio na macho, na usingizi wake uangaliwe.

Bint_Kimya: Mnawasema wanaorukaruka tu. Mimi nilikaa kimya, macho ubaoni, akili haipo. Ukurasa nasoma, narudia, sijui umesema nini. Nikasifiwa adabu! Wasichana wengi tunapitwa hivyo. Nilitibiwa wasiwasi miaka, ADHD ikaja kuonekana nikiwa mama.

JichoPembe: Dada, umenisema.

Kobe_Mbio: Mpunguzie sukari huyo mtoto.

NesiMstaafu: Sukari imechunguzwa, si chanzo.

MamaPacha: Mtume kitu kimoja kimoja. Ukimwambia "oga, vaa, beba daftari", utamkuta na kiatu kimoja. Methilifenideti, dawa ya ADHD, imemsaidia kijana wangu, ila mchana hamu ya kula inapotea.

Mzee_Kanuni: Usimpe dawa mtoto. Akimbie, achoke.

MamaPacha: Anakimbia NA anameza, Mzee.

Kiguu_Njia: Na mtu mzima anaanzia wapi?

NesiMstaafu: Kwa daktari wa magonjwa ya akili. Nenda na mtu aliyekuona ukikua, ataulizwa ulikuwaje.

Kiguu_Njia: Mama atasema nilikuwa malaika.

NesiMstaafu: Mchukue dada yako.