Tupeane uzoefu: Kumbukizi za muziki mnaziadhimisha kwa tarehe ipi?

Mwanzisha mada:
Ndugu wanajukwaa, kwa miaka mingi nimekuwa na daftari la tarehe kubwa za muziki, na siku ikifika huweka santuri inayohusika. Tarehe iliyonisumbua kuliko zote ni ya kuuawa kwa John Lennon, mwanamuziki wa kundi la Beatles. Alipigwa risasi New York saa tano kasoro usiku, Desemba 8, 1980, lakini Uingereza alikozaliwa ilikuwa tayari saa kumi kasoro alfajiri ya Desemba 9. Ndugu yangu hushika tarehe 9, mimi hushika 8 kwa kufuata saa ya mahali tukio lilipotokea, na kila mwaka tunabishana upya. Nanyi tupeni uzoefu wenu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi niliumbuka kwa Woodstock, lile tamasha kubwa la muziki la Marekani. Tamasha hilo lilipotimiza miaka 50 mwaka 2019, nilialika marafiki usiku wa Agosti 17 tumtazame mpiga gitaa Jimi Hendrix kwenye video ya tamasha hilo, nikiamini ndiye aliyelifunga usiku huo. Mgeni mmoja, tena mdogo kuliko sote, aliniomba nisimamishe picha ya video na kuniuliza jua lile limetoka wapi. Kumbe ratiba ilichelewa mno, na Hendrix alipanda jukwaani asubuhi ya Jumatatu, Agosti 18, 1969, wakati sehemu kubwa ya umati uliokadiriwa kufikia watu 400,000 ilikwisha kuondoka. Video ile nilikuwa nimeitazama mara nyingi mno, na mwanga wa asubuhi ulikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu ni Agosti 11, 1973, siku ya sherehe ya DJ Kool Herc huko Bronx, New York, inayotajwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop. Kusema kweli, kudai kwamba muziki mzima ulizaliwa usiku mmoja ni kutia chumvi. Hata hivyo, nilipoona nakala ya kadi ya mwaliko, iliyoandikwa kwa mkono, nililainika: wasichana walilipa senti 25 na wavulana senti 50, na dada yake Herc, Cindy Campbell, ndiye aliyeiandaa ili apate fedha za nguo za kurudi shuleni. Kadi hiyo inasema sherehe ni kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa hiyo hata hapa, ndugu mwanzisha mada, zaidi ya nusu ya kumbukizi yako iko tarehe 12.

Mchangiaji wa tatu:
Bob Marley alifariki Miami, Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Niliiadhimisha siku hiyo kila mwaka mpaka nami nilipofikisha miaka 36, ndipo nikashindwa kuimaliza hata santuri moja. Tangu hapo nimehamia Februari 6, siku aliyozaliwa.