Mrejesho: kipaumbele cha mikutano ya video kwenye Squid

Wakuu, niliuliza kwa nini mikutano ya video ofisini inazidi kukatika tangu niipe kipaumbele kwenye Squid, proksi yetu (seva ya kati inayopitisha mawasiliano ya ofisi kwenda mtandaoni). Limeisha, na kosa ni langu.

Kwenye mipangilio, nilikuwa nimeandika tcp_outgoing_tos 34 (mstari unaoweka alama ya kipaumbele kwenye pakiti zinazotoka), kwa kuwa AF41, daraja nililolitaka kwa video, ni 34 kwa namba za DSCP, yaani alama za kipaumbele. Kumbe Squid inataka baiti nzima ya TOS (sehemu ya kila pakiti inayobeba alama hiyo katika biti sita za mwanzo), siyo namba ya DSCP peke yake. Biti mbili za mwisho ni za ECN (ishara ya msongamano wa mtandao), kwa hiyo Squid inazifuta, na 34 inabaki 32, yaani 0x20. Hiyo ni CS1, daraja la mizigo isiyo na haraka! Nilidhani nimeipandisha mikutano, kumbe nimeitupa nyuma ya foleni.

squid -k parse, amri ya kukagua mipangilio, haikulikataa faili, maana 34 ni namba halali. Aliyenishauri nichungulie pakiti zenyewe, ubarikiwe. tcpdump -v, amri ya kuonyesha pakiti zinazopita, kwenye kadi ya mtandao ya nje ilinionyesha tos 0x20, mstari baada ya mstari.

Dawa: 34 mara 4 ni 136, yaani 0x88. Nimebadilisha, nikaipakia upya mipangilio kwa squid -k reconfigure, sasa pakiti zinatoka na 0x88. Pakiti za kurudi kwa wateja zinahitaji mstari wake, clientside_tos. Hiyo nayo nilikuwa nimeisahau.