Mjadala: Mamlaka ya maji itenge fedha za utafiti, au imalizane na mabomba kwanza?

Mleta mada:
Wakuu, nasimamia hili: DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, iwe na fungu la utafiti kila mwaka, hata dogo, lakini lisiguswe.

Mtambo wa kusafisha maji wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, wa Ruvu Juu milioni 196. Sehemu kubwa inapotea kabla ya kufika kwenye mita ya mteja. Inapotelea wapi? Njia iliyozoeleka ni kupima maji yanayoingia mtaani saa nane usiku, watu wamelala. Karibu yote yanayopita saa hiyo yanahesabiwa kuwa yanavuja. Sasa kwenye mitaa yetu ya mgao, usiku ndipo presha inapopanda na simtanki zinajaa. Kipimo hicho kinafaa mji ambao maji hayakatiki. Ukikileta hapa kilivyo, kitakudanganya. Nani akirekebishe, mkandarasi aliyekuja kuuza mita? Wape Chuo cha Maji pale Ubungo. Sidhani kama gharama itafika bei ya V8 moja.

Halafu kuna hewa. Maji yakirudi baada ya mgao, bomba linakoroma na mita inazunguka kabla tone halijadondoka. Ipimwe, itangazwe.

Mchangiaji 1:
Mkuu, Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, walikuwa wanapoteza asilimia 72 ya maji mwaka 1993, wakashuka hadi kama 6. Ek Sonn Chan, bosi wa mamlaka yao ya maji, alifunga mita kila nyumba, akawakatia waliojiunganishia kwa wizi, na vigogo wakalipa bili. Huo ni ubabe wa usimamizi, si maabara. Fungu lako litaishia semina na posho.

Mleta mada:
Hofu ya posho ni halali, ndiyo maana nataka ripoti ziwekwe hadharani na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, izihoji. Ila hao hao waligawa mji kwa kanda na kupima kila kanda ili wajue pa kuchimba. Ubabe bila kipimo unachimba barabara isiyovuja.

Mchangiaji 2:
Na anayelipia ni nani? Bili itapanda tena?

Mleta mada:
Mteja, ndugu yangu, sikufichi. Lakini maji yanayomwagika barabarani nayo yalisafishwa kwa dawa na umeme anaolipia yeye. Mimi napendekeza kanda moja, mwaka mmoja. Wasipoonyesha lita walizookoa, fungu lifutwe.