Tupeane uzoefu: neno au ishara mnayoelewana nyie tu, ilianzaje?

Mgeni_wa_Tabata
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu nakiwaza siku nyingi nikaona nikilete hapa. Nilivyohamia Dar kutokea Njombe nikafikia Tabata kwa shangazi, akaniambia shuka Dampo. Basi mi njia nzima nachungulia dirishani natafuta dampo, natafuta takataka, sioni, nikaja kushtuka tuko Segerea mwisho wa gari. Kumbe dampo lilikuwepo kweli zamani, wakazi wakaishitaki Jiji mahakamani, kesi ya mwaka 1988, taka zikaja kuhamishwa ila jina likabaki. Hakuna aliyeitisha kikao kusema kituo kiitwe Dampo, ni abiria na makonda tu kuitana hivyo kila siku mpaka pakawa ndo jina. Na mtoto anayezaliwa pale sa hivi akisema nashuka Dampo wala hafikirii taka, anafikiria kwao. Hilo ndo linanigusa. Magomeni Mapipa, Mbagala Rangi Tatu, Tegeta kwa Ndevu, zote hizo kuna watu walizianzisha kwa kuongea tu.

Sasa naomba tupeane uzoefu, nyumbani, kazini, kijiweni, mna neno gani au ishara gani ambayo mgeni akija hawezi kuielewa? Na mnakumbuka ilianzaje?

Konda_Mstaafu
Umenikumbusha mbali mkuu. Nimepiga ukonda miaka 9, Haisi. Pigo moja kwenye bodi simama, mawili twende, hiyo kila mtu anaijua, kama vile ukitikisa sarafu kiganjani abiria anatoa nauli bila kuambiwa. Ila mimi na suka wangu, yaani dereva, tulikuwa na yetu. Pigo moja, kimya kidogo, af mawili ya harakaharaka, maana yake anayeshuka ni mjamzito au mzee, usitoe gari mpaka nikwambie.

Ilianza siku mama mmoja mjamzito kaweka mguu mmoja chini, suka kashatia gia. Nikamdaka mkono, hakuumia, lakini suka alitetemeka mpaka tukapaki pembeni. Hatukupanga chochote. Kesho yake mzee mwenye fimbo anashuka, mkono wangu wenyewe ukagonga vile, sijui hata nilitoa wapi, suka akatulia na breki. Toka siku hiyo ikawa sheria ya gari letu. Nilivyougua malaria akaja deiwaka kunishikia nafasi, jioni suka akanipigia simu akasema ndugu yangu leo nimeendesha kama kipofu.

Mama_Mapacha
Ya kwetu ni ya kupakua. Tumezaliwa saba, wageni walikuwa hawakatiki na chakula ni kilekile. Wageni wakizidi mama alikuwa anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "jamani nani kaona ufunguo wa kabati?" Kwetu hakukuwa na kabati lenye ufunguo. Maana yake msiongeze, wageni hawajashiba. Tunanawa mikono mmoja mmoja tunatoka, mgeni anajua tumeshiba. Hakuna aliyewahi kutufundisha, mdogo alikuwa anaangalia mkubwa kafanya nini.

Mama alifariki. Siku ya arobaini yake watu walikuja wengi kuliko tulivyopiga hesabu, sinia zikaanza kupungua, na sisi ndo kwanza tumekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Mdogo wetu wa mwisho akasema taratibu, nani kaona ufunguo wa kabati. Wote tukatoa mikono kwenye sinia kwa pamoja. Kaka yangu mkubwa hajalia makaburini, hajalia msibani wiki nzima, alilia pale, na tonge kashika mkononi.

BintiPwani
Pole sana Mama Mapacha, mama yenu alikuwa mtu.

Mimi nimeolewa Tanga na sikuzaliwa Pwani, kanga nilikuwa nanunua kwa rangi tu. Watu wa huku wanakwambia kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndo linasomwa kwanza. Mi nikapendezewa na moja ya kijani imeandikwa "Sina siri nina jibu", nikajifunga nikaenda kwa jirani kuomba mbuzi ya kukunia nazi. Wiki mbili mama wa watu hanisalimii! Kumbe wiki ileile kulikuwa na maneno yanazunguka mtaani kuhusu yeye, na mimi nimemletea jibu mpaka mlangoni. Siku nyingine ningevaa nguo ileile wala asingeiangalia.

Mama mkwe akanielekeza, nikanunua doti imeandikwa "Wema hauozi" nikampelekea, sikusema kitu. Akaisoma, akaikata katikati, akanirudishia kipande kimoja. Mpaka leo hatujawahi kuongelea ile ya kijani, ila kukiwa na shughuli tunajifunga vile vipande wote wawili.

Wa_Nairobi
Yangu ni fupi. Nairobi unaingia kibandani unasema "leta chai" na hakuna aliyekosewa. Nilipoanza kazi Dar nikasema hivyo kwa mama ntilie, akahudumia watu watatu waliokuja nyuma yangu, wote wamesema "naomba". Nikajifunza. Nikarudi nyumbani likizo nikasema "naomba chai", mwenye kibanda akanijibu hapa hatupeani za bure. Kiswahili kimoja, ila neno ni la wale walio nalo.

Mngoni_Halisi
Mume wangu ni Mchaga, kwenye msiba wa baba yangu Songea alitaka kupigana. Jirani yetu Mhehe, tumeishi naye zaidi ya miaka 20, aliingia kaburini kabla ya jeneza akalala chali, akasema huyu mtani wangu ana deni, haendi popote mpaka mnilipe. Mume wangu akaona dharau. Mama yangu alikuwa hajafungua mdomo toka juzi yake, akacheka, af palepale kilio kikamtoka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Wazee wakachanga hela, jamaa akatoka, akawa wa kwanza kushika sepetu.

Wangoni na Wahehe walipigana vita mbaya mwishoni mwa miaka ya 1870, utani wetu unatokea huko. Sasa hivi mume wangu akisikia msiba wa kwetu anauliza mtani kashafika?

Mgeni_wa_Tabata
Jamani nimesoma yote mpaka nikapitwa na kituo tena. Mama Mapacha, samahani kama nauliza sana, lile neno bado mnalitumia?

Mama_Mapacha
Tunalitumia mdogo wangu. Majuzi nimelitamka kwangu, wageni wamejaa, mwanangu wa miaka 6 akainuka akaanza kuutafuta ufunguo chini ya kochi. Dada yake akamshika mkono akatoka naye nje.