Tupeane uzoefu: Kuzungusha wageni Mwanza kwenye jua la utosi

Mwana wa Igogo
Wakuu, leo saa saba mchana nimepishana na familia pale karibu na Jiwe la Bismarck. Baba mbele na simu anapiga picha, watoto nyuma wamekunja sura kama wanapelekwa kupigwa sindano. Nimekumbuka mengi. Nani kashazungusha wageni mji huu kwa jua la Septemba? Mwageni stori.

Dada wa Kirumba
Mimi mgeni wangu alitaka kuona soko la samaki la Mwaloni. Dagaa wameanikwa, jua hilo, na yeye kavaa raba nyeupe. Niishie hapo.

Kaka Pwani
Jua gani hilo mnalolilia? Njooni Dar mwezi wa pili. Nyie mna upepo wa ziwa bure kabisa.

Mwalimu Nyakato
Kaka, Dar ni fukuto, huku ni jua lenyewe. Tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ikweta iko hapo juu tu, digrii mbili na nusu. Mwishoni mwa Septemba na katikati ya Machi jua linapita sawia kichwani, kivuli chako unakikanyaga.

Kaka Pwani
Kipindi kimeanza, toeni madaftari.

Mkwe wa Njombe
Mimi sitasahau. Mama mkwe alitoka Njombe, hajawahi kuona ziwa hili. Ratiba kaipanga shemeji yangu, yule anayejua kila kitu: asubuhi makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, Kisesa, mchana mjini, kisha Capri Point, kile kilima cha kando ya ziwa. Bujora safi kabisa, mama alilipenda lile banda lenye umbo la kiti cha mtemi, hakutaka kutoka. Kasheshe ilianza kurudi. Daladala ya kutoka Kisesa imejaa, foleni, tunashuka mjini saa saba na ushee. Shemeji anasema bajaji za nini, Capri Point si hapo tu, tutembee.

Sasa mama kavaa sweta. La kufuma, la bluu, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kwao ndiyo nguo ya safari. Mimi mkwe, nitamwambiaje avue? Na yeye atavuaje mbele yangu? Nikiuliza, "Mama, tupumzike kidogo?" anajibu, "Twende tu baba, sijachoka." Jasho linatoka kwenye kilemba linachuruzika mpaka kidevuni. Shemeji yuko mbele huko anaonyesha nyumba za watu.

Pale mlimani mama akaketi juu ya jiwe. Jiwe limeiva, ukiligusa unaruka, yeye katulia tuli. Hapo moyo ukanipasuka. Namwita, ananiuliza nani kafungia ng'ombe.

Kulikuwa na mama anauza machungwa chini ya mti. Aliacha beseni lake akaja mbio, hata salamu hakuna: "Wewe mwanaume, geukia ziwani!" Nikageuka. Nyuma nasikia vifungo vinafunguliwa, maji yanamwagwa, mimi nakodolea feri ya Kamanga inavyokwenda zake. Shemeji naye kageuzwa. Baadaye ndipo mama mkwe akafungua mdomo akasema neno… Nakuja, nimetumwa dukani.

Dada wa Kirumba
Weee! Dukani gani? Rudi hapa!

Kandambili
Hii stori imeua uzi. Mimi nilitaka kusema nendeni kisiwa cha Saanane, boti mnachukua pale pale Capri Point, kuna vivuli. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na wenyeji wengi hawajafika.

Mwana wa Igogo
Saanane mchana utaona nini? Pimbi wenyewe wamejichimbia kwenye nyufa za mawe. Nenda asubuhi.

Kandambili
Asubuhi wageni wamelala. Nenda jioni.

Mwalimu Nyakato
Jioni mawe bado yanatema joto la mchana kutwa.

Kaka Pwani
Basi msiende.

Nesi Mstaafu
Tuache utani kidogo. Mtu akianza kuongea yasiyoeleweka juani, huo si uchovu tena. Kivulini upesi, nguo nzito zitoke, mwili uloweshwe na kupepewa, na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Huyo muuza machungwa ana akili kuliko shemeji.

Mzee wa Busisi
Wa kwangu walitaka kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kwa miguu. Kilomita 3 juu ya maji, mti hata mmoja. Niliwasubiri ng'ambo na gari.

Mkwe wa Njombe
Nimerudi. Alisema: "Hilo sweta mpeni shemeji, alivae mpaka nyumbani." Tukapitia hospitali, akatundikiwa dripu, jioni akala sato mzima peke yake. Mke wangu hadi leo anajua tulichelewa sababu ya foleni.

Dada wa Kirumba
Na shemeji alilivaa?

Mkwe wa Njombe
Amri ya mkwe unaikataaje?

Kandambili
Dawa ya joto ni moja tu, ingia ziwani uoge.

Nesi Mstaafu
Na kichocho je?

Kandambili
Naoga humo tangu mtoto.

Nesi Mstaafu
Umeshapima?

Kandambili
Nipime nini wakati siumwi?

Nesi Mstaafu
Njoo inbox.