Bastola ya kwanza ya mashindano: Glock 34, Glock 17 au CZ Shadow 2?

Mwalimu wa Njoro
Wadau, hamjambo. Kwa miaka miwili nimekuwa nikimsindikiza mume wangu kwenye renji ya Kirigiti, Kiambu, katika mechi za IPSC (shirikisho la kimataifa la kupiga shabaha kwa mwendo). Kazi yangu ni kubeba maji na kuziba matundu kwenye shabaha za wengine. Mwaka huu nimechoka kuziba, nami nataka kutoboa.

Ombi langu la leseni liko njiani. Bastola itakuwa moja tu, na itaandikwa kwenye cheti changu kwa namba yake, kwa hiyo sina nafasi ya kununua leo na kubadilisha mwezi ujao kama viatu. Mume wangu anaapa kwa CZ Shadow 2. Muuzaji naye ananisukumia Glock 34, eti ni ndefu na imetengenezwa kwa mashindano. Nina umri wa miaka 38, mikono yangu ni midogo, na pesa inatosha bastola moja, holsta na vikorokoro vyake. Nataka kuanzia divisheni ya Production, kundi la bastola za kawaida za kiwandani. Nisaidieni kabla hawa wawili hawajanichagulia.

Mzee Baruti
Shadow 2, funga mjadala. Mumeo anajua anachosema. Bastola ile ni chuma kitupu, gramu 1,330 na magazini yake, na huo uzito ndio unaomeza teke. Ukifyatua, kilengeo kinaruka kidogo na kurudi palepale, risasi ya pili inafuata bila kutafuta. Glock ni plastiki, haifiki hata gramu 750 na magazini tupu, inakurukia kama mwanambuzi. Angalia tu viuno vya watu kwenye mechi yoyote ya Production uhesabu mwenyewe.

Kobe wa Renji
Mwalimu, karibu upande wa pili wa kamba. Mimi ni afisa wa renji, hivyo nitaanza na muuzaji wako. Production ya IPSC inataka mtutu usiozidi milimita 127. Wa Glock 34 una 135. Utaandikiwa cheti, utalipa, kisha siku ya mechi upelekwe divisheni ya Standard kushindana na watu wenye bastola za risasi nzito, ambao wakigonga eneo C la shabaha, nje ya A ya katikati, wanapata pointi 4 wewe ukipata 3. Glock 17 ina milimita 114, haina shida. Kabla ya kulipa chochote, tazama jina la bastola kwenye orodha ya IPSC ya zile zilizokubaliwa Production. Wauzaji wengi hawajui orodha hiyo ipo.

Pili, Shadow 2. Mzee Baruti amesema kweli kuhusu teke, lakini amekimbia jambo moja. Production inataka bastola yenye nyundo, kile kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ilipuke, ianze kila steji (zoezi moja la mechi) nyundo ikiwa chini. Shadow 2 haina kitufe cha kuishusha. Maana yake: amri ya kujaza inatolewa, unaingiza risasi kwenye chemba, nyundo imesimama, halafu unaishika kwa kidole gumba, unavuta kifyatulio, na kuiteremsha polepole juu ya risasi hai. Gumba likiteleza, mlio unasikika, na siku yako imeisha kabla kipima muda hakijalia. Nimewatoa watu kwa kosa hilo, tena si wageni wa mchezo.

Na ukishaishusha, risasi ya kwanza ya kila steji inakuwa na mvuto mrefu na mzito. Zinazofuata ndizo laini. Kwa mkono mdogo, swali ni kama ncha ya kidole inafika kwenye kifyatulio nyundo ikiwa chini bila kuzungusha mshiko. Hilo hujibiwi humu, unajibiwa na mkono wako.

Binti Mvita
Dada, mimi ni mmoja wa hao waliotolewa, ingawa si na Kobe. Mechi yangu ya kwanza, bastola ya kuazima, vidole vina jasho la joto na woga. Nyundo iliponiponyoka risasi ilikwenda kwenye tuta, mbele yangu, kwa sababu mtutu ulikuwa unaangalia panapostahili. Hakuna aliyeumia. Niliketi kwenye gari nikalia, kisha nikarudi kuziba matundu hadi jioni kama wewe.

Leo napiga Glock 17, ambayo haina nyundo ya kushusha. Wala sisemi Shadow 2 ni mbaya, la hasha. Ila mwanzo una mengi ya kukumbuka: mtutu usipite nyuzi 90, kidole kitoke kwenye kifyatulio unapotembea, hesabu ya risasi, mlango upi uingie kwanza. Kwangu, kupunguza jambo moja kwenye orodha hiyo kulisaidia kuliko kupunguza teke. Glock za kizazi cha nne na cha tano huja na vipande vya kubadilishia mgongo wa mshiko. Anza bila kipande chochote, ndipo mshiko unakuwa mdogo kabisa.

Tena muulize mumeo: akikuazima Shadow yake wiki tatu, atalala?

Mzee Baruti
Binti Mvita, pole, lakini nyundo inafundishika. Mtu afanye mara hamsini kwa siku nyumbani bastola ikiwa tupu, mwezi mmoja gumba limeshajua. Tusimkatie mtu bastola nzuri kwa sababu ya sekunde tatu za kujiandaa.

Kobe wa Renji
Inafundishika, sikatai. Ila aijue kabla ya kununua, siyo baada.

Msambweni hadi Houston
Habari za ughaibuni. Huku Texas tunapiga USPSA, mchezo huuhuu kwa Kimarekani, kanuni ni binamu za IPSC lakini si pacha. Glock 34 huku inaruhusiwa Production, nadhani muuzaji wako amesoma mitandao ya Wamarekani. Ushauri wangu: achana na vilengeo vya chuma, weka kilengeo cha nukta nyekundu uingie divisheni ya Production Optics. Macho ya miaka 38 yanaelekea 45, na nukta haihitaji ulinganishe mbele na nyuma. Ukikosea, uza, nunua nyingine.

Kobe wa Renji
Ndugu wa Houston, hilo "uza, nunua nyingine" ndilo hatuna. Huku kubadilisha bastola ni kurudi tena kwa Bodi ya Leseni za Silaha na kusubiri. Ila umemkumbusha jambo zuri. Mwalimu, ukichagua Glock, ulizia toleo lenye slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) iliyokatwa tayari kupokea kilengeo cha nukta. Anza na vya chuma, nukta utaiongeza macho yakianza kukugomea. Ukiifunga tu, ujue umehama Production.

Mwalimu wa Njoro
Asanteni sana. Ya Glock 34 imenishtua, nilikuwa karibu kutoa malipo ya kwanza. Sasa niambieni: nikishanunua bastola, kitu gani kinafuata? Magazini mbili zinazokuja nayo hazitoshi?

Kobe wa Renji
Hazitoshi. Steji ndefu inaweza kudai risasi 32, na Production unaanza na 15 tu kwenye kila magazini, hata kama inabeba 17. Mbili ni 30. Hapo hujakosa hata risasi moja, na utakosa. Nunua tano: nne mshipini, moja ya akiba siku magazini ikianguka kwenye matope ya Kiambu.

Holsta iwe ya plastiki ngumu iliyotengenezewa bastola yako hasa, inayofunika kifyatulio chote, na mshipi mgumu usiojikunja. Production hairuhusu holsta wala vifuko vya magazini kukaa mbele ya mfupa wa nyonga, kwa hiyo usinunue kwa picha. Vaa, jipime mbele ya kioo. Miwani na vizuia sauti vya masikio usivifanyie ubahili.

Risasi: za mashindano lazima zifikishe kipimo cha nguvu cha 125, yaani uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) mara kasi kwa futi kwa sekunde, ugawe kwa 1,000. Risasi ya greni 124 ikienda futi 1,050 inatoa 130, umepita. Ya greni 115 inataka kasi ya futi 1,087 hivi. Za bei rahisi mno wakati mwingine hushindwa zinapopimwa mechini, nawe unaendelea kupiga bila alama.

Binti Mvita
Na hesabu ya alama aielewe mapema, maana wageni hukimbia bure. Pointi zinagawanywa kwa sekunde. Steji ya risasi 12, zote A, ni pointi 60. Kwa sekunde 12 umepata 5.0. Mwenzako akipiga A kumi na C mbili kwa sekunde 10, ana pointi 56, anapata 5.6, amekupita. Lakini akipiga A kumi na moja na kukosa moja katika sekunde hizohizo 10, anakatwa 10, anabaki na 45, yaani 4.5. Kukosa shabaha moja kunakula mbio zote.

Mwalimu wa Njoro
Wadau, nimerudi. Jumamosi nilipiga zote mbili kwenye renji nikiwa na mkufunzi, risasi 60 kila moja. Kwa Shadow 2, Mzee Baruti, umesema kweli tupu: kuanzia risasi ya pili nilijiona bingwa. Ya kwanza, kila mara, ilikwenda chini kushoto. Mkufunzi akaniwekea sarafu juu ya slaidi, bastola tupu, nyundo chini, nivute. Sarafu ilianguka mara saba kati ya kumi. Kidole kilifika kwa ncha tu, nikawa nazungusha mshiko bila kujua. Glock 17 bila kipande cha mgongo, sarafu ilianguka mara mbili. Teke nimeliona, lakini halikunitisha.

Nimeandika Glock 17 kwenye fomu. Mume wangu amenuna kidogo, kisha akaniuliza kama atakuwa anaiazima.

Mzee Baruti
Kidole kisipofika hakuna hoja, nimekubali. Usiache mazoezi makavu, ya kufyatua bastola tupu, wakati cheti kinasubiriwa. Azima bastola ya mumeo naye akiwa hapohapo, risasi zote zikae chumba kingine, mlango umefungwa. Na huo mvuto mrefu wa Shadow utakukomaza kidole. Ukishika Glock utaona ni mchezo.

Kobe wa Renji
Na mechi ijayo njoo hata kama cheti hakijatoka. Mikono ya kuziba matundu bado tunaihitaji.